Simba wa Jirani Hana Manyoya Shingoni

  

Mimi ni fundi redio wa Jipe, huku chini kando ya ziwa, milima ya Ugweno ikiwa juu ya vichwa vyetu na Kenya ikiwa mbele ya macho. Kazi yangu mchana ni kufungua vitu vya watu, kuvichungulia tumboni na kuvifunga. Jioni, kibanda kikishafungwa, natazama sinema na vipindi vya zamani. Sijasomea mambo hayo. Watu walipohamia televisheni bapa waliniachia deki na mikanda yao kufidia madeni, na fundi hatupi kitu. Leo ninalo kasha zima la mikanda, flashi tatu, na televisheni ya kichogo ya inchi 14 ambayo inanyonya betri ya sola mpaka mama watoto analalamika kwamba simu yake haijapata chaji.

Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya ninavyoviona humo. Nitaanza na simba, maana ugomvi wote ulianzia kwa simba.

Jirani yangu ni mfugaji, mzee aliyechunga ng'ombe pembeni mwa ziwa hili tangu hajaota ndevu. Jumamosi moja kijana ninayemfundisha kazi alikuja na flashi yenye sinema ya Kimarekani ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness. Tukakaa uani watu kama saba, kichogo juu ya meza, mbu wakitupigia muziki wao. Sinema inahusu habari iliyotokea kweli, tena siyo mbali na sisi. Mwaka 1898 mhandisi wa Kiingereza aitwaye Patterson alikuwa akijenga daraja la reli kwenye mto Tsavo, simba wawili wakaanza kuwala vibarua wake usiku baada ya usiku. Val Kilmer ndiye Patterson. Michael Douglas ni mwindaji mashuhuri anayekuja kusaidia, ingawa mwindaji huyo hakuwahi kuwepo duniani. Ametungwa ili Douglas apate nafasi.

Basi simba anajitokeza kwenye majani marefu, muziki umepanda, watoto wamekunja miguu juu ya benchi. Mzee akaangua kicheko.

"Huyo katoka wapi," akauliza, "na hilo koti la manyoya?"

Tukasimamisha sinema. Mzee akatusomesha. Ng'ambo ya ziwa letu ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na ziwa halina ukuta. Tembo na simba wanajua njia kuliko sisi. Madume ya simba wa nyika ile, mengi hayana manyoya shingoni, au yanayo machache kama ndevu za kijana wa sekondari. Joto ni kali na vichaka vyote ni miiba. Simba akivaa shungi kubwa huko atabaki amenasa kama shati kwenye seng'enge. Ndivyo alivyosema mzee, na wataalamu wa wanyama nao wametaja hayohayo, joto na miiba, wakitafuta sababu.

Mimi fundi nikienda kukagua jambo nalikagua mpaka mwisho. Wale simba wawili waliopigwa risasi na Patterson mwezi Desemba 1898 wapo mpaka leo. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, mwaka 1924, zikajazwa na kusimamishwa ndani ya kioo. Madume wote wawili, na shingo zao ni tupu. Mzee wangu hajawahi kufika hata Nairobi, lakini kesi ile aliishinda akiwa amekalia ndoo.

Jibu la swali lake, basi, ni kwamba simba wa sinema wametoka kwingine kabisa. Picha ilipigwa Afrika Kusini, kwa simba waliofugwa na kufunzwa, wenye manyoya ya kutosha kumpendeza mtu aliyelipia tiketi. Na hiyo siyo mara ya kwanza. Mwaka 1952 Wamarekani hao hao walitoa Bwana Devil, sinema yao ndefu ya kwanza ya rangi ya kutazamwa kwa miwani maalumu ili simba aonekane anakurukia mapajani. Habari ni ya simba hao hao wa Tsavo. Walipiga picha zao California.

Kuna jambo moja zaidi hapo, na ndilo lililoniudhi kuliko manyoya. Patterson mwenyewe alikuja kutaja idadi ya watu 135 walioliwa. Mwaka 2009 wanasayansi waliopima mifupa na manyoya ya simba wale wakatoa hesabu yao: kama watu 35. Sasa watu 35, Wahindi na Waafrika waliokuja kutafuta riziki, wakaburutwa kutoka mahemani usiku, huo si msiba wa kutosha? Ulihitaji kuongezewa chumvi?

Nisionekane mbishi: sinema tuliimaliza, na watoto walilala wamebanana. John Kani, yule mwigizaji wa Afrika Kusini, ananifurahisha kila anapotokea. Lakini tangu siku ile nimekuwa na tabia mbaya. Nikitazama kitu cha zamani najiuliza kwanza: aliyetengeneza hiki, alitazama karibu au alitazama kwa mbali?

Chukua Hatari!, ile ya John Wayne. Neno lenyewe ni letu, halikutafsiriwa, limewekwa na alama ya mshangao. Ilitoka 1962, na picha zilipigwa hapa hapa Kaskazini, Momella, chini ya mlima Meru, kuanzia mwishoni mwa 1960. Kwa hiyo kamera zilizunguka Tanganyika ikiwa bado chini ya mkoloni, na watu wakaingia sinema kuitazama sisi tukiwa tumeshapandisha bendera yetu. Habari yake ni nyepesi: kundi la Wazungu linakamata wanyama kwa ajili ya mabustani ya wanyama ya ng'ambo. Mkurugenzi, Howard Hawks, alikwenda porini hana hadithi iliyokamilika. Wanyama walipokamatwa ndipo hadithi ikafuata.

Na ndiyo maana sehemu za kukimbiza wanyama zinanikalisha mbele ya kiti mpaka leo. Yule kifaru anayefukuzana na gari ni kifaru kweli, vumbi ni vumbi kweli, na waigizaji wenyewe wamekaa juu ya magari yale wakishika kamba. Hakuna kompyuta. Unaona chuma cha gari kikipinda. Kama fundi nasema: kitu kilichogongwa kweli kina namna yake ya kutikisika, hakiigiziki.

Wakirudi nyumbani, hapo ndipo naenda kuchemsha chai. Wanakunywa, wanataniana, wanapendana, dakika zinakwenda. Sinema yote ina zaidi ya saa mbili na nusu. Wenyeji wa nchi wapo, lakini wanabeba, wanaendesha, wanaitikia. Mtu wa Meru au Mmasai hapewi neno la kusema likakumbukwa. Karibu na mwisho ndama wa tembo wanakimbia mitaani Arusha wakimfuata mwigizaji Elsa Martinelli, na mimi hapo sitazami tembo. Natazama maduka ya nyuma: mabango, baiskeli, kofia za watu wa 1961 ambao walikuwa wamekwenda sokoni tu. Hao ndio waigizaji ninaowapenda katika Hatari!, na hawakujua wanaigiza.

Halafu kuna kifaru. Nikimtazama yule wa sinema, mnene, mwenye hasira, nawaza wa kwetu. Hifadhi ya Mkomazi, pale Same, faru wake wote waliuawa na majangili. Miaka ya 1980 inakwisha hakuna aliyebaki. Waliopo leo ni uzao wa walioletwa, wa kwanza wakitoka Afrika Kusini mwaka 1997, wakawekwa ndani ya uzio na walinzi. Mtu aliyesimamia kazi hiyo, Tony Fitzjohn, kabla ya hapo alifanya kazi Kora, Kenya, pamoja na George Adamson, yule wa simba Elsa, ambaye habari yake na mkewe ndiyo iliyofanywa sinema ya Born Free mwaka 1966. Kwa hiyo ukifuata uzi wa sinema moja ya zamani unaweza kutokea Same, kwenye lango la hifadhi. Hatari! inaonyesha kukamata kifaru kama mchezo wa vijana wa likizo. Mtu wa Same aliyeona uzio ule akiitazama tena, kicheko kinamkatikia njiani.

Sasa nitoke porini.

Wengi wa rika langu sinema hatukuzijulia nyumbani. Tulizijulia kwenye kibanda umiza: mabati yanayowaka, benchi la ubao, televisheni moja, deki moja, jenereta nje linalounguruma kuliko mabomu ya ndani. Pale kijijini Kifaru, barabarani, au Mwanga mjini, unalipa, unabanana, unatoka umelowa jasho kama uliyepigana wewe. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua: steringi, yule shujaa wa sinema, hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, kutobolewa bega. Kufa hafi. Ndiyo maana ulikuwa huoni mtu akiogopa. Watu walikuwa wanasubiri tu kuona atatokaje.

Sheria hiyo tulidhani tumeitunga sisi wa kibandani. Kumbe hata wenye sinema zao wanaitii. Rambo, ile ya kwanza ya 1982, imetoka kwenye kitabu ambacho mwishoni Rambo anakufa. Hata kwenye sinema walipiga picha za mwisho huo, Rambo anakufa kwa bastola ya mkuu wake wa zamani. Wakaonyesha watu wachache kwanza ili wapime, watu wakanung'unika, ule mwisho ukakatwa. Watu wa Marekani, kwenye viti vya sponji na kiyoyozi, walisema lile lile lililokuwa likisemwa Kifaru chini ya bati. Jina lake lilifika kwetu mpaka dukani, likawa jina la mfuko wa plastiki: "nifungie kwenye rambo". Mwaka 2019, tarehe mosi Juni, mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchini, na hivyo Rambo akafa kwa tangazo la serikali.

Aliyeivunja sheria ya steringi mbele ya macho yangu ni Mhindi. Sholay, ya 1975. Amitabh Bachchan na Dharmendra, wahuni wawili waliokodiwa na mzee aliyekatwa mikono wamkamate jambazi Gabbar Singh. Amitabh anakufa. Nakumbuka kibanda kilivyonyamaza, jenereta peke yake likiongea. Mtu mmoja mzima, mpakia mizigo, akasimama akamwambia mwenye kibanda arudishe mkanda nyuma, huenda hakuona vizuri. Mkanda ukarudishwa. Akafa tena. Yule bwana akatoka nje bila kudai chenji yake.

Nimeitazama Sholay zaidi ya mara kumi tangu hapo, nyumbani, kimya, na nimegundua kwamba kifo kile kinauma kwa sababu ya mambo madogo yaliyopita kabla: Amitabh anapuliza kinanda cha mdomo jioni, mjane wa nyumba ile anazima taa moja moja, hawaongei. Nilipokuwa kibandani sikuwahi kuyaona hayo. Sehemu hizo ndizo tulizokuwa tukitokea kwenda kukojoa. Na mwisho wake nao una kisa: mkurugenzi alitaka yule mzee amuue Gabbar kwa miguu yake, kwa kiatu chenye misumari, lakini bodi ya ukaguzi ya India ikakataa, ikataka jambazi akabidhiwe polisi. Wengi wanaulaumu mwisho huo wa polisi. Mimi Mpare, mpenda kesi, naona si mbaya. Kesi iende mbele.

Lazima nimtaje Lufufu. Jina lake Derek Gaspar Mukandala, na alikuwa akitafsiri sinema za nje kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji wote, wanaume, wanawake na watoto. Vijana wa leo wanaowasikia watafsiri wa siku hizi wajue kuna aliyetangulia. Titanic niliitazama kwanza kwa ulimi wa Lufufu, na miaka mingi baadaye nilipoipata yenyewe, bila yeye, niliona imepungua kitu. Meli ile ile, maji yale yale, lakini hakuna mtu anayenieleza yule tajiri ni mtu wa namna gani kama anayemjua kwa jina la baba yake. Najua kuna wanaosema alikuwa anaharibu kazi za watu. Alikuwa anaongeza chumvi, ndiyo, kama Patterson na hesabu yake. Tofauti ni kwamba Lufufu sisi tulikuwa tunajua anaongeza, na yeye alijua tunajua.

Tugeukie televisheni, ambayo kwangu ndiyo penzi la kweli.

Vijana hawaamini nikiwaambia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa, ya kusubiri. Lakini sisi wa Jipe tulikuwa mpakani, na mawimbi hayagongi muhuri Holili. Unatafuta mti mrefu ulionyooka, unafunga antena juu, unauelekeza Taita. Mtoto mmoja anazungusha mti, mwingine anasimama mlangoni akitangaza: chenga! bado chenga! hapo hapo, usiguse! Betri ni ya gari, imekopwa kwa mwenye gari ambaye naye amekuja kutazama. Ndivyo Sauti ya Kenya ilivyoingia uani kwetu, na kuanzia 1989 ikaitwa KBC, sisi hatukuona tofauti.

Tulichokuwa tukikikimbilia ni Vioja Mahakamani.

Wenzetu wa mikoa mingine wanatucheka Wapare. Eti Mpare yuko tayari auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki wizi wa kuku. Sikatai, na kuku huyo ningependa kujua alikuwa wa nani. Kwa hiyo fikiria mwenyewe: watu wa namna hiyo unawaletea kipindi cha mahakama nzima, kila wiki, bure, chenye hakimu, mwendesha mashtaka, kizimba, na mshtakiwa ambaye kila akiulizwa swali anajibu kwa swali. Uani kwetu palijaa kuliko msibani.

Hebu tazama kipindi kile kama ninavyokitazama mimi sasa, mkanda umechakaa, rangi zimekwenda na maji. Hakuna gari linalolipuka. Hakuna mlima wala simba. Ni chumba, meza, na watu wanaozungumza. Ondiek Nyuka Kwota anasimama kizimbani na kofia yake, na kabla hajasema neno unajua kuwa serikali itapata shida. Makokha ana namna ya kukubali kosa ambayo inamtia hatiani aliyemshtaki. Kila mmoja anaongea Kiswahili chake, kilichopita kwao kwanza kabla ya kufika mahakamani, na hakimu anajitahidi kuuweka uso wake katika hali ya sheria. Mimi siku hizi namtazama askari wa nyuma. Anauma midomo. Anatazama dari. Kicheko kile hakikuandikwa na mtu.

Sinema kubwa za miaka ile ile ukizitazama leo utaona waya, utaona mwanasesere, utaona simba wa kukodi. Vioja haionyeshi ufa kwa sababu haikujifanya kubwa. Kesi za wivu wa dukani, mume aliyepotelea kilabuni, mpangaji na mwenye nyumba. Leo mchana nimesikia kesi mbili za aina hiyo kibandani kwangu, wenye nazo wakisubiri redio zao.

Wapo watakaoniambia: fundi, hayo ni maigizo ya bei rahisi, watu wanachekeshwa kwa lafudhi za makabila. Nimeifikiria hoja hiyo sana, na jibu langu ni Mzee Ojwang'. Yeye ni wa Vitimbi, kipindi kingine kilichotufikia kwa mti ule ule wa antena. Ojwang', jina lake kamili la kipindini Ojwang' Hatari, na hapo John Wayne ajue neno hilo lina mwenyewe, ni mzee wa Kijaluo, mkali, mjanja, mwenye suruali ya kumvuka na mke anayemzidi akili, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Miaka mingi niliamini kabisa kwamba yule ni Mjaluo. Siku niliyojua kwamba mwigizaji wake, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu nilikaa chini. Alifariki Julai 2015, na mpaka wakati huo wapo waliokuwa hawajui.

Hapo ndipo fikra zangu za simba zilipokaa sawa. Nilikuwa nadhani kosa la sinema ile ni kwamba simba ni wa kutoka kwingine. Siyo hilo. Wanjau naye alitoka kwingine, lakini aliusikiliza ulimi wa jirani yake mpaka ukamkaa mdomoni: mahali pa kuvuta neno, mahali pa kukasirika, mahali pa kunyamaza ili mke aone umekasirika. Sijasikia mtu wa Kisumu aliyecheka kama alivyocheka mzee wangu na kuuliza, huyu katoka wapi. Wale wa simba hawakumsikiliza mtu. Wangemuuliza mchungaji mmoja tu wa ng'ombe.

Niseme na hili, maana liko karibu na kwetu na wengi hawalijui. Ukivuka bonde la Mkomazi unaingia Usambara, na huko juu, Vugiri, kati ya 1935 na 1937 Waingereza walijenga karakana ya sinema kwa ajili ya Waafrika. Walitengeneza sinema zaidi ya 30, picha peke yake, na sauti wakaiweka kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, wakazungusha kwa lori kutoka hapa mpaka Kenya, Uganda na nchi za kusini. Nyingi zilikuwa za kufundisha: minyoo, chai, kuweka akiba posta. Ile ya posta ina mtu mjinga anayefukia pesa zake chini, mwizi anaziona, na mwenzake mwerevu anayepeleka zake benki ya posta. Ninachojiuliza ni nani aliwaambia kwamba Mwafrika wa 1935 hajui mwizi. Sahani ile ya santuri ningeipokea kwa mikono miwili niitengeneze, lakini maneno yake yangenikera.

Baadaye, mwaka 1952, ikaja Muhogo Mchungu, na steringi wake alikuwa kijana mmoja aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa. Ndiye huyo huyo. Miaka kumi tu baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sinema iliandaliwa na watu waliotaka kutufundisha adabu, na aliyekuwa ndani yake alikuwa akijifunza namna ya kusimama mbele za watu. Jina la sinema nalo halikupotea. Lilikuja kubebwa na mchekeshaji wetu wa televisheni, Abdallah Mkumbila, ambaye watoto wengi wanamjua kama Muhogo Mchungu bila kujua muhogo wenyewe ulipandwa lini.

Na ipo sinema moja ambayo natamani ingekuwa ya zamani, lakini hata haijapigwa. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakaenda kukaa Same kuipinga kodi ya mbiru, ile ya kumkadiria mtu mali yake ndipo alipe. Wakakaa. Hawakupiga mtu. Kule Usangi wanawake nao wakatoka wakamkabili mkuu wa wilaya. Kodi ikaja kufutwa. Watu wamekaa chini wanadai haki yao, bila risasi, wakila makande waliyobeba: hiyo ni Vioja Mahakamani ya watu maelfu. Ningeuza deki zote niione.

Sinema zetu za kisasa, Bongo Movie, hazijazeeka vya kutosha nizihukumu, ingawa Girlfriend ya 2003 imeanza kunukia mkanda. Kanumba, mwigizaji aliyetutoka Aprili 2012, alikuwa na macho yanayosikiliza. Nazirudia kazi zake kwa sababu hiyo. Kinachonichosha ni gari kuingia getini dakika nne, na jina la Kiingereza juu ya hadithi ya shangazi. Na ile ya kukata sinema vipande viwili ili ninunue diski mbili, hiyo sisamehe.

Muda wangu unakwisha, mtangazaji ananionyesha vidole.

Ninao mkanda mmoja wa Vioja ambao mtu wa hapa aliurekodi zamani kutoka kwenye chenga za antena. Deki moja mbovu iliutafuna mwishoni, pale hakimu anapovuta karatasi yake aseme hukumu. Unamwona anakohoa, anaweka miwani, halafu mistari, halafu giza. Nimejaribu kuusafisha kwa spiriti, nimeukata nikauunga, haikusaidia. Uani kwangu wanaupenda huo kuliko mikanda mizima. Ukifika gizani kila mtu anatoa hukumu yake. Jumamosi iliyopita tulibishana mpaka saa tano usiku. Mama watoto alikuwa upande wa mshtakiwa, kijana wangu upande wa serikali, na yule mzee wa ng'ombe akasema ushahidi hautoshi, kesi iahirishwe mpaka wiki ijayo. Betri ikalia mara mbili, nikachomoa waya.